Safari ya Gredi ya Kwanza Huanza Miaka Miwili Mapema

Kila Januari shule za msingi zinapofunguliwa, kutoka Muhuru Bay hadi Kendu Bay, mwalimu wa Gredi ya Kwanza hupokea watoto wa umri mmoja waliovaa sare ya rangi moja. Kufikia saa nne asubuhi huwa ameshaona makundi mawili. Kuna watoto wanaojua kengele ina maana gani, wanaoinua mkono kabla ya kusema, wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni na kurudi wenyewe. Na kuna wale walioshika mlango kwa mikono miwili wakilia, au walioketi kimya kabisa kwa sababu hawaielewi lugha inayosemwa mbele yao, na penseli waliyopewa wanaishika kama mwiko.

Kundi hilo la pili halijapungukiwa na akili. Wengi wao wanaweza kutazama mbuzi wakirudi nyumbani jioni na kusema papo hapo ni yupi hayupo. Kinachowatenganisha na wenzao ni miaka miwili. Wenzao walipitia PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea ya umri wa miaka minne na mitano. Wao walibaki nyumbani wakingoja kufikisha umri wa kile ambacho baadhi ya wazazi bado hukiita "shule ya kweli". Mtaala wa Gredi ya Kwanza huanzia pale PP2 ilipoishia, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kurudi nyuma miaka miwili kwa ajili ya watoto kumi. Muhula unaposonga, mtoto huanza kuonekana mzito. Ubaya ni kwamba yeye mwenyewe huanza kuamini hivyo.

Makala haya ni somo kwa wazazi, walezi na kamati za shule za Migori na jirani zetu wa Homa Bay: utayari wa mtoto kwa shule ni nini hasa, hujengwaje, na nani ana wajibu gani.

Si A, B, C peke yake

Ukimuuliza mzazi kama mtoto wake yuko tayari kwa Gredi ya Kwanza, mara nyingi atamwita mtoto aje aimbe herufi zote na kuhesabu hadi mia moja. Mtoto ataimba na wageni watampigia makofi. Lakini mtoto anaweza kuimba hadi mia moja bila kujua kwamba saba ni nyingi kuliko tano. Huo ni wimbo, na si hisabati bado.

Walimu wa chekechea hutazama mambo mengine. Je, mtoto anaweza kusimulia kilichotokea jana, kwa mpangilio, mtu asiyekuwapo akaelewa? Anaweza kushika maagizo mawili kwa pamoja, kwa mfano "weka kikombe mezani kisha uje na kiti chako"? Anaweza kungoja zamu yake kwenye bembea bila kumsukuma mwenzake? Vidole vyake vina nguvu ya kushika penseli? Anauliza maswali? Akianguka au akinyang'anywa kitu, huchukua muda gani kutulia? Mtoto mwenye mambo haya atajifunza herufi haraka, hata akiingia bila kuzijua zote. Mwenye herufi zote bila mambo haya hupata taabu kuanzia wiki ya kwanza.

Ndiyo maana mtaala wa umilisi, ambao kuanzia Januari 2019 umetumika nchini kote kwa PP1, PP2 na gredi za chini, unapanga kazi ya chekechea katika maeneo ya lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na mazoezi ya viungo, na dini. Vipindi ni vya dakika 30. Mtoto hupimwa kwa kutazamwa anavyofanya kazi na kucheza. Hakuna mtihani wa kumpanga nambari moja hadi arobaini. Mzazi anayelalamika kwamba "huko wanacheza tu" ameona kweli, ila hajaona kinachofanyika ndani ya mchezo huo. Watoto wanne wanapojenga nyumba kwa matope wanapima, wanahesabu, wanabishana, wanapatana, na vidole vyao vinakuwa imara.

Upande wa pili kuna kosa linaloonekana la kisasa lakini lina madhara yaleyale. Baadhi ya wazazi, hasa mijini, huwatafutia watoto wa miaka mitatu kazi ya nyumbani ya kurasa nne na kujivunia kwamba mtoto anaandika sentensi za Kiingereza. Misuli ya mkono wa mtoto wa miaka mitatu haijakomaa kwa kazi hiyo. Mtoto anayechapwa au kufokewa kwa sababu "b" yake imegeukia upande usiofaa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuogopa daftari. Adhabu ya viboko imepigwa marufuku shuleni na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na chekechea ni mahali pa mwisho inapostahili kuonekana.

Ubongo, tumbo na mbu

Sababu ya kuhimiza miaka hii ya mwanzo iko mwilini. Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi zaidi kabla ya umri wa kwenda shule kuliko wakati mwingine wowote. Kufikia miaka mitano huwa umekaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mtoto anapoongeleshwa, akajibiwa na kubebwa, njia za mawasiliano ndani ya ubongo hujengeka na kuimarika. Anapokosa chakula bora kwa muda mrefu, ujenzi huo hupungukiwa na vifaa.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyofaa umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Kwa hiyo katika kila watoto watano wa rika hilo, karibu mmoja yumo katika hali hiyo. Kudumaa hutokea zaidi katika siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba hadi mwaka wa pili, kabla mwalimu yeyote hajamwona mtoto. Kwa kaunti zilizo ufuoni mwa ziwa, jambo hili lina ukakasi wake. Magunia ya omena hupakiwa kila siku Sori na Mbita kwenda Nairobi na kwingineko, huku mtoto wa yule anayeianika omena hiyo akinywa uji mtupu. Konzi ya omena iliyosagwa na kuchanganywa katika uji wa wimbi au mtama si gharama kubwa kwa nyumba iliyo kando ya ziwa.

Kisha kuna malaria. Eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima, na maambukizi hupanda baada ya mvua ndefu. Mtoto anayeugua mara nne kwa mwaka hukosa siku nyingi za kituo, na malaria kali inaweza kuacha athari katika uwezo wa kukumbuka na kumakinika. Hapa kanda yetu imetangulia kwa jambo moja. Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria katika Kaunti ya Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuitumia. Dozi zilipangwa kutolewa katika miezi 6, 7 na 9, na ya nne mtoto anapotimiza miaka miwili. Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto wa umri huo hapelekwi kliniki mara kwa mara na mama huwa ameshashika kazi nyingine. Mwalimu wa PP1 anayeomba kuona kijitabu cha kliniki wakati wa usajili hafanyi urasimu wa bure, maana hapo ndipo dozi iliyosahaulika hugunduliwa. Siku ya dawa za minyoo nayo huwahusu watoto wa chekechea, na kwa vijiji vya ufuoni ambako watoto huogelea ziwani, kichocho pia kiulizwe kliniki.

Ushahidi wa karibu na wa mbali

Swali la haki la mzazi mwenye kipato kidogo ni hili: kweli kuna tofauti, au ni maneno ya ofisi?

Jibu moja linatoka Pwani. Katika miaka ya 1980, viongozi wa jamii ya Waislamu wa Mombasa, wakisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, waliona watoto wao wakiachwa nyuma walipoingia shule za msingi. Mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, alianza kuwafunza akina mama wa mitaani kuwa walimu wa chekechea. Walitumia vifaa vinavyopatikana papo hapo, na jamii yenyewe ikasimamia vituo. Mpango huo ulienea baadaye hadi Zanzibar na Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka nchi hizo tatu ulilinganisha watoto wa vituo hivyo, watoto wa chekechea nyingine, na watoto waliobaki nyumbani. Waliokwenda chekechea ya aina yoyote waliendelea vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri kuliko waliobaki nyumbani, na wale ambao vituo vyao vilikuwa na walimu waliofunzwa vyema na vifaa vya kuchezea walikuwa mbele zaidi. Cha kuzingatia ni kwamba vifaa vyenyewe vilikuwa vifuu, kokoto, vizibo vya chupa na vitambaa.

Jibu jingine liko ng'ambo ya ghuba. Mpango ulioitwa Tayari, ulioanza mwaka 2014 katika kaunti za Siaya, Uasin Gishu, Laikipia na Nairobi, uliwapa walimu wa chekechea mafunzo, vitabu vya watoto na miongozo, pamoja na maafisa wa kuwatembelea darasani. Tathmini ilionyesha kuwa watoto wa vituo hivyo waliingia shule ya msingi wakiwa wamejiandaa zaidi kuliko wenzao. Siaya haina watoto tofauti na wa Karachuonyo au Nyatike. Lugha ni ileile, ziwa lilelile, malaria ileile.

La tatu ni la mbali, lakini linawagusa wahudumu wetu wa afya ya jamii. Mjini Kingston, Jamaika, katikati ya miaka ya 1980, watafiti waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Mhudumu hakuwa na mitambo. Alimwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto kwa kutumia vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, watoto hao wakiwa watu wazima wanaofanya kazi, mapato yao yalikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko ya wenzao waliodumaa ambao hawakupata ziara hizo.

Lugha ya nyumbani haimchelewesha mtoto

Pengine hakuna jambo linalozua ubishi katika mikutano ya wazazi kama lugha. Sera ya kumfundisha mtoto kwa lugha ya eneo la shule katika miaka ya mwanzo ina historia ndefu. Ilisisitizwa na Kamati ya Gachathi mwaka 1976, na mtaala wa sasa unaishikilia kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu. Kwa hiyo katika Uriri au Ndhiwa lugha ni Dholuo, na Kehancha ni Kikuria. Mjini Migori, Awendo na Isebania, ambako majirani wa mlango mmoja wanaweza kuwa na lugha tatu, Kiswahili huwafaa wote.

Wazazi wengi huona hili kama kuwarudisha watoto nyuma. Wanataka Kiingereza, na wanakitaka leo. Hoja yao inaeleweka, kwa sababu mitihani ya mbele ni ya Kiingereza. Lakini kusoma ni kazi ya kuunganisha alama na sauti, kisha sauti na maana. Mtoto anayeanza kwa lugha anayoiongea ana maana tayari, amebakiza kujifunza alama. Anayeanza kwa lugha asiyoijua hubeba mizigo yote mitatu kwa wakati mmoja, na wengi huangusha ule wa maana. Hao ndio wanaosoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, na ukiwauliza hadithi ilihusu nini hawana jibu.

Kwa visiwa vya Rusinga na Mfangano jambo hili lina uzito zaidi. Watoto wengi wa Abasuba siku hizi huongea Dholuo, na Olusuba imebaki zaidi vinywani mwa wazee. Kituo cha chekechea kinachomwalika mzee asimulie hadithi kwa Olusuba mara moja kwa wiki kinafanya kazi ambayo hakuna kitabu kitakachoifanya.

Upande wa Kuria nao una hali yake. Familia nyingi zina ndugu pande zote mbili za mpaka, na mtoto anaweza kuanza darasa la awali Sirare, Tanzania, ambako kila kitu hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akahamia Isebania. Mtoto huyo asihesabiwe kuwa hajasoma. Mwalimu aambiwe alikotoka ili Kiswahili chake kitumike kama daraja.

Nyumba ya nyanya

Kabla ya neno chekechea kufika Nyanza, Waluo walikuwa na siwindhe. Hii ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee, ambamo wasichana na watoto wadogo walilala na kusimuliwa sigana, wakategewa vitendawili na kufundishwa adabu. Kwa wavulana kulikuwa na duol, uwanja wa moto wa baba na wazee. Mtoto aliyetoka siwindhe alikuwa na msamiati mpana, alijua kusikiliza hadi mwisho, aliweza kukumbuka mnyama yupi alifanya nini na kwa nini. Ukiyatazama majukumu ya mwalimu wa PP1 leo, mengi ni yaleyale.

Hili si la kumbukumbu tu. Ukimwi uliacha yatima wengi katika kaunti hizi mbili, na watoto wengi hadi leo wanalelewa na nyanya zao. Wengine wako kwa nyanya kwa sababu wazazi wanatafuta riziki Nairobi, au kwenye migodi ya dhahabu ya Macalder na Osiri, au huamka saa tisa usiku kwenda kungoja mashua za omena. Nyanya huyo huitwa mkutanoni, akaelezwa mambo ya vitabu na skrini, akarudi nyumbani akijiona hana cha kumpa mjukuu. Si kweli. Sigana anazozijua ni somo kamili la lugha, mradi azisimulie na amruhusu mtoto kuuliza maswali katikati.

Na kazi za nyumbani zimejaa masomo. Kupukuchua mahindi na kubambua njugu huimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Kuchambua maharagwe kwa rangi ni kuainisha, ambalo ni jambo la kwanza katika hisabati. Gorogoro mbili za mahindi na nusu ya omena zikipimwa sokoni, mtoto akihusishwa, amejifunza kipimo. Mchezo wa ajua, wa kugawa mbegu shimo kwa shimo, ni kuhesabu, kutabiri na kungoja zamu kwa pamoja. Tofauti kati ya kazi inayofundisha na kazi inayochosha ni mazungumzo. Mtoto wa miaka minne aliyeachwa peke yake na rundo la njugu anafanya kibarua, bali aliyeketi na mtu mzima anayemuuliza "zimebaki ngapi?" yuko darasani. Inafaa kusema hapa pia kwamba mtoto wa miaka mitano aliyeachiwa mdogo wake wa mwaka mmoja kutwa nzima, wakati mama yuko shambani au ufuoni, anakosa chekechea kwa sababu ambayo mama peke yake hawezi kuimaliza. Malezi ya watoto wachanga karibu na masoko na fuo ni suala la mipango ya kaunti.

Deni la mwaka 2003 na wajibu wa kaunti

Kusitasita kwa wazazi kuna historia. Baada ya uhuru, shule nyingi za nasari zilijengwa kwa harambee. Jamii ilitoa kiwanja na mabati, na mwalimu alilipwa kwa michango ya wazazi. Kituo cha kitaifa cha kusimamia elimu hiyo kiliundwa mwaka 1984, lakini mshahara wa mwalimu uliendelea kutegemea mfuko wa mzazi. Januari 2003 serikali ilipofuta karo katika shule za msingi, chekechea haikuhusishwa. Mzazi aliyekuwa na shilingi chache alipiga hesabu rahisi: kwa nini alipe nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Watoto wengi wakawekwa nyumbani hadi umri wa darasa la kwanza. Hesabu ile ilikuwa na mantiki kwa mfuko wa siku ile, na tabia iliyozaliwa wakati ule haijaisha.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mpangilio. Jedwali lake la Nne liliweka elimu ya chekechea na malezi ya watoto mikononi mwa serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kwa hiyo leo kaunti ndiyo huajiri walimu wa chekechea na kujenga madarasa, Taasisi ya Kukuza Mitaala hutayarisha mtaala, na mwalimu wa Gredi ya Kwanza aliye ng'ambo ya ua huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Mtoto huvuka kutoka serikali moja hadi nyingine kwa kutembea hatua thelathini uwanjani, na mara nyingi taarifa zake hazivuki naye.

Haitoshi kumwambia mzazi alete mtoto iwapo kituo chenyewe hakiko tayari. Darasa lililo chini ya mti hufungwa na mvua. Choo chenye tundu la ukubwa wa mtu mzima humtisha mtoto wa miaka minne, naye huamua kutokwenda kabisa au kujichafua, kisha akachekwa na kesho yake akakataa shule. Meza ndefu za gredi za juu humfanya aninginize miguu kutwa. Mambo haya hupatiwa fedha kwa njia inayojulikana. Kila kaunti hizi mbili ina wadi 40, na kila wadi hufanyiwa mikutano ya maoni ya umma kuhusu bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi la choo cha watoto lililoandikwa na kamati ya shule, likiwa na jina la kituo na idadi ya watoto, na likatolewa kabla ya tarehe hizo, lina nafasi kubwa kuliko malalamiko ya Juni. Katika mikutano hiyo barabara huwa na watetezi wengi. Watoto wa miaka minne hawana mtetezi asipokuwapo mzazi wao.

Usajili na miezi ya mwisho

Anayemsajili mtoto PP1 aende na kijitabu cha kliniki na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Uzazi wowote unatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi sita, na kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani hatua huanza kwa naibu wa chifu. Mlezi aliyechelewa asingoje Januari, kwa sababu mfumo wa NEMIS wa kusajili wanafunzi, tangu ulipoanza mwaka 2017, umekuwa ukiuliza nambari ya cheti hicho, na foleni za mwezi huo zinajulikana.

Mtoto anayekodoa macho, anayegeuza sikio moja kila akiitwa, au aliyechelewa sana kuongea au kutembea apelekwe kwenye kituo cha tathmini cha elimu maalumu kabla ya Gredi ya Kwanza. Vituo hivyo viko nchini tangu mwaka 1984. Watoto wasioona vizuri au wasiosikia vizuri huweza kukaa miaka mitatu nyuma ya darasa wakiitwa wakaidi.

Na mzazi akiambiwa na shule ya umma kwamba mtoto ameanguka mtihani wa kuingia Gredi ya Kwanza, ajue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi hairuhusu mtihani wa kumkubali au kumkataa mtoto. Jaribio linaruhusiwa tu kwa ajili ya kumweka katika kiwango kinachomfaa.

Kwa watoto walio PP2 sasa, muhula wa tatu ndio wa kuvusha. Baadhi ya walimu huwachukua watoto, wiki moja kabla ya kufunga, wakawapeleka kwa mguu hadi darasa la Gredi ya Kwanza. Huketi kwenye madawati yale, hukutana na mwalimu, huonyeshwa bomba na choo, na kila mtoto humwachia mwalimu huyo mchoro wenye jina lake. Mwalimu wa PP2 hukabidhi pia maandishi mafupi juu ya kila mmoja: huyu huongea Kikuria tu, huyu hulelewa na nyanya yake, huyu haoni vizuri ubao ukiwa mbali. Shule ambayo haijapanga ziara hiyo inaweza kuipanga bila bajeti, na mzazi anaweza kuiomba katika mkutano ujao. Anayetaka kujua kituo kilicho karibu naye aulize kwa mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani au katika ofisi ya wadi, siku yoyote ya kazi.